Kila Baada ya Saa Mbili

Ofisi ya kamusi ilikuwa na sheria moja tu, lakini hiyo moja ilikuwa imekwisha kula soli za viatu vya watu wanne. Sheria yenyewe ni hii: maana ya neno haiingii kwenye kamusi mpaka mwenye kazi ameiona ikitendeka kwa macho yake, akaandika kwenye kadi nani katenda, nani katendewa, wapi, saa ngapi. Ukipeleka kadi kwa Mhariri Mkuu, mzee mrefu mwembamba ambaye miwani yake ilikaa kwenye paji la uso kama paa la kibaraza, hakuulizi mengi. Anauliza, "Umeona, au umesikia?" Ukisema umesikia, kadi inarudi mfukoni mwako na wewe unarudi barabarani.

Neno la kupiga miayo halikuwasumbua. Walitazamana tu baada ya chakula cha mchana. Lakini kwa neno la kuzimia, mwenzao mmoja alikaa siku tatu kwenye benchi la mahakama akingoja hukumu kali, na aliyezimia mwishowe alikuwa yeye, kwa njaa. Mhariri akaikataa kadi. "Hukuona," alisema. "Ulikuwa umezimia."

Sasa mwaka ule kijana waliyemwita Koma, kwa sababu hakuweza kuandika sentensi ya maneno manne bila kuitia mkato mara mbili, alipewa kitenzi kimoja cha Kiingereza: "relieve", herufi saba, maana tisa. Neno lile lilikuwa kama mkoba wa shangazi: unatia mkono kutafuta sindano, unatoka na tochi. Kwa ujumla lilihusu mzigo kupungua. Lakini mzigo wa nani, unapunguaje, na ukishapungua unakwenda wapi, hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Alianza kwa mbwembwe. Kadi ya haja ndogo aliimaliza siku ya kwanza, mtenda na shahidi akiwa yeye mwenyewe, mahali: chooni, ghorofa ya pili, saa nne na robo. Mhariri aliisoma mara mbili, akaitia sahihi bila kupepesa jicho. Ile ya mwizi kumpunguzia mtu mali ilimfuata yenyewe: alichomolewa simu kwenye msongamano wa soko, akarudi ofisini jasho likimtiririka, anacheka peke yake. "Nimepata, Mzee. Nimepata."

"Mwizi umemwona?"

"Nimemwona kisogo."

"Kisogo kinatosha," Mhariri alisema, akashusha miwani.

Kadi iliyomtoa mbwembwe ilikuwa ya makuli. Alikwenda penye maghala akiwa na kikombe cha chai mkononi, akidhani ni kazi ya dakika mbili: huyu anamtua mwenzake gunia, basi, unaandika, unaondoka. Ikawa sivyo. Yule aliyekuja kupokea hakusimama mbele ya mwenzake na kunyoosha mikono. Aliingia chini ya gunia huku mwenzake angali analibeba, akainama, akapachika bega lake pembeni ya bega la yule. Kwa hatua tatu hivi likawa gunia moja lenye miguu minne. Halafu yule wa kwanza akatoka tu, kama mtu anayetoka kivulini, na gunia halikutikisika hata kidogo. Koma alitazama magunia arobaini yakipokewa namna ile. Alipokumbuka chai yake ilikuwa imepoa, na hakujua kwa nini vinyweleo vimemsimama mkononi kwa sababu ya magunia ya watu.

Nyumbani kulikuwa na mzigo mwingine, ambao hakuna aliyemtuma kuuandikia kadi.

Baba yake, mwashi aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule, alipigwa na kiharusi miaka mitatu na miezi minne nyuma. Upande wa kulia ukafa, maneno yakaondoka yote isipokuwa mawili: "ndiyo" na "taratibu", lile aliloshinda akiwaambia vibarua wanapopandisha matofali. Dada yake Koma, mkubwa kwa miaka tisa, fundi cherehani, alihamishia cherehani yake chumbani kwa Baba, akatandika godoro lake chini ya meza ya kukatia nguo, na tangu hapo hakulala kwingine. Koma alifanya kazi zote za nje ya mlango: maji, sabuni, dawa, kufua mashuka, kubishana na mwenye duka. Ndani ya mlango hakuruhusiwa kugusa kitu. Alikuwa na historia.

Mwaka uliopita Dada alikwenda kupima nguo za bibi harusi, akamwachia Koma kumtunza Baba kwa saa tatu. Koma akaona mzee kateleza kutoka kwenye mto wake, akamshika kwapani, akavuta kama anavyovuta begi kutoka uvunguni. Bega likateguka. Baba alisema "taratibu" mara moja tu, kwa sauti ndogo, na Koma aliendelea kuisikia sauti ile siku nyingi baadaye, hata alipokuwa anapiga mswaki.

Sasa Dada mwenyewe alikuwa anaumwa. Ngiri, iliyotokana na ule mwaka wa kwanza, kabla hajajua kumnyanyua mtu mzima bila kujiumiza. Hospitali ilikuwa imempangia upasuaji Jumatatu. Karatasi aliificha chini ya chupa ya chai, mahali ambapo katika nyumba ile kila mtu anafika mara sita kwa siku.

"Jumatatu nani atakaa na Baba?" Koma aliuliza Jumanne ile, karatasi mkononi.

"Hakuna Jumatatu."

"Dada, hapa wameandika ukiikosa nafasi hii ni miezi minne mbele. Na daktari alisema ngiri ikijinyonga ndani..."

"Daktari kasema. Na mimi nimesema. Tumeshasema wawili, wewe nyamaza uwe wa tatu."

"Mimi nipo, lakini."

Dada alimpima kuanzia viatuni hadi utosini, kama anayekadiria kitambaa kitatosha suti. "Hata siku ile ulikuwepo," alisema, akarudi kwenye cherehani. Aliposhusha mguu kwenye pedali, ngumi yake ya kushoto ilikwenda kukandamiza kinena, akashona hivyo, kwa mkono mmoja.

Kesho yake ofisini zilibaki kadi mbili. "Ya nane ni ya waashi," Mhariri alisema. "Tao linalofichwa ndani ya ukuta, juu ya linta, boriti ya dirisha, ili uzito wa ukuta usiiangukie linta. Ukilikosa hilo na ukuta ni mzito, dirisha linapasuka."

"Nitalionea wapi, Mzee? Si limefichwa?"

"Baba yako alikuwa na kazi gani?"

Koma alirudi nyumbani akijikuna kichwa. Juu ya dirisha la chumba cha Baba kulikuwa na sehemu isiyopigwa plasta, imekaa kama nyusi, matofali yamesimama kwa ubavu yakiinama huku na huku. Alikua akiiona. Marehemu mama yao alizoea kuwaambia wageni kwamba saruji iliishia pale, na wageni wakacheka, na Baba akacheka nao.

"Dada, pale saruji iliisha kweli?"

Dada aliacha kushona. "Haikuisha. Mifuko miwili ilibaki, ikagandia stoo. Alipaacha makusudi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anangoja mtu aulize." Akakata uzi kwa meno. "Umechukua miaka ishirini na sita."

Basi Koma akapiga magoti kando ya kitanda, akauliza. Alimuuliza Baba kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu ambaye hakumsikiliza mwaka mzima. Baba alimtazama. Kisha mkono wa kushoto, ule mzima, ukanyooka juu ya shuka, na kidole kikaanza kuchora. Kikashuka kutoka juu: uzito huo unakuja. Kikafika kwenye tao, kikagawanyika, kikapita kushoto, kikarudi kikapita kulia, kikateremka kwenye kuta mbili za pembeni hadi chini, ardhini, na hapo kikagonga godoro mara mbili. Kisha Baba akaonyesha dirisha lenyewe, akafungua kiganja. Hamna kitu. Kioo cha dirisha lile kilikuwa hakijui kama juu yake kuna ukuta.

Koma alikodoa macho juu. Tani ngapi za matofali, miaka yote ile, zilikuwa zinapita juu ya dirisha bila kuligusa, na yeye alikuwa akichungulia pale kuona kama mvua inakuja.

Alidhani somo limekwisha. Lakini kidole cha Baba kilirudi kwenye shuka, kwenye ule mstari wa pembeni, ule wa ukuta unaoupokea uzito, kikakandamiza mpaka shuka likaingia bonde. "Ndiyo," Baba alisema. Hakuwa analitazama shuka. Alikuwa anaitazama meza ya kukatia nguo, na binti yake aliyekaa pale na ngumi kinenani.

Koma aliandika kadi ya nane bila mkato hata mmoja.

Ya tisa ilikuwa kupunguza mgandamizo mwilini, kwa mtu asiyeweza kujigeuza. Alhamisi akaenda hospitali ya mjini, akaomba ruhusa, akapelekwa kwa muuguzi wa wodi ya wasiotembea, mama mnene mwenye saa ya kubana kifuani, aliyekuwa anamaliza zamu saa nane mchana.

"Simama hapo, usiguse, usiwaonee huruma wagonjwa wangu," alimwambia. "Wakiona umesikitika wanadhani wamezidiwa."

Muuguzi wa zamu mpya akaingia. Koma alitarajia wataongea mlangoni, karatasi ipite, huyu aende nyumbani. Hawakufanya hivyo. Walikwenda kitanda hadi kitanda, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Chini ya kila mgonjwa kulikuwa na shuka lililokunjwa mara mbili. Wakalishika kingo, wakahesabu kwa macho tu, mtu akageuka kama ukurasa. Kisha yule mpya akapitisha kiganja mgongoni, kwenye nyonga, kwenye visigino, polepole, kama kipofu anayesoma. Yule wa zamani mkono wake ulibaki pale pale mpaka mwenzake ametikisa kichwa. Ndipo akauondoa. Kitanda cha pili, vivyo hivyo. Vitanda kumi na nane.

"Samahani, mama," Koma aliuliza, "hamwezi kuambiana tu mlangoni?"

"Mlangoni utapokea maneno," muuguzi alisema akinawa mikono. "Mimi nakabidhi mtu."

Akaeleza mengine akijifuta: damu isipopita mahali, nyama inakufa, saa mbili tu zinatosha kuanza, kidonda kikishafunguka mgongoni kinaweza kufika mfupani, na wengi hakiwaachii. Hapa hospitalini na wauguzi wote hawa, wanavipata.

"Baba yangu amelala miaka mitatu na miezi minne," Koma alisema.

Muuguzi aligeuka. "Nyumbani?"

"Nyumbani."

"Mnamgeuza wangapi?"

"Dada peke yake."

"Ana vidonda vingapi?"

Mtu aliyeingia uvunguni mwa mji mzima kutafuta ushahidi hakuwa ameutazama mgongo wa baba yake. "Sijui, mama."

"Hujui." Muuguzi hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. "Kaangalie, mwanangu. Kama hana, rudi uniambie, maana nitataka kuja kumwona huyo dada yako."

Alifika nyumbani saa kumi, Dada akimwosha Baba. Kwa mara ya kwanza tangu bega liteguke, Koma hakubisha hodi. Alisimama mlangoni. Baba alikuwa amelazwa ubavu, uso dirishani, mgongo mlangoni, na mgongo ule, yarabi, ulikuwa mzima. Umekonda, uti wa mgongo umejichora kama kamba chini ya turubai, lakini ngozi ilikuwa nzima kutoka shingoni hadi nyongani, nyororo, inang'aa mafuta, hakuna alama, hakuna hata wekundu. Plasta ya fundi aliyeipenda kazi.

Akaanza kupiga hesabu, akashindwa. Kila baada ya saa mbili. Mara kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana, kwa siku zaidi ya elfu moja na mia mbili. Alikumbuka kengele ya saa ya mezani ikilia ng'ambo ya ukuta, na yeye akivuta mto kuziba sikio, akinung'unika kwamba dada yake siku hizi anaamka mapema.

"Unatafuta nini?" Dada aliuliza bila kugeuka.

"Kidonda."

"Hakuna."

"Nimeona," Koma alisema. "Nimeona kwamba hakuna."

Ijumaa asubuhi alipeleka kadi ya tisa. Mtenda: dada yangu. Mtendewa: baba yangu. Mhariri aliisoma, akashusha miwani machoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Umeona, au umesikia?"

"Nimeona mgongo, Mzee."

"Kadi haisemi mgongo. Kadi inasema kugeuza. Umemwona akigeuza?"

Koma akainamisha kichwa. "Sijaona. Hunifungia mlango. Kuna siku nilimtegua Baba bega."

Mhariri alimrudishia kadi. Akatoa karatasi ya ruhusa mezani, akaandika wiki mbili, akatia sahihi. "Ukurasa utangoja," alisema. "Tumeungoja miaka kumi na moja. Nenda kaone."

Jumamosi asubuhi Dada aliamka akamkuta mdogo wake amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kucha amezikata, mikono ameinawa mpaka kwenye viwiko.

"Na wewe vipi, unaolewa?"

"Nimekuja kupokea zamu."

"Nimeshakwambia..."

"Sikuombi uniachie," Koma alisema. "Nakuomba usiniachie. Shika, na mimi nishike. Ukiona sifai, Jumatatu hakuna, na mimi mwenyewe nitaichana ile karatasi."

Dada akamkagua kucha, mkono huu na huu. Saa ya mezani ikalia. Akavuta pumzi. "Njoo upande huu. Usiguse kwapa. Ukimgusa kwapa nakutoa na kigoda chako."

Hapo ndipo Koma alipoiona kazi yenyewe, na kila alichokiona mjini kikawa kama mazoezi. Dada hakutumia nguvu. Alikunja goti la Baba, akauvusha mkono mgonjwa kifuani kama anayefunika mtoto, akashika shuka, halafu akangoja. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Unasikiliza nini?"

"Pumzi. Akiitoa, mwili unalegea wenyewe. Anakuwa mwepesi. Ukivuta akiwa anaivuta ndani, unabeba ukuta." Pumzi ikatoka, na Baba akageuka, mtu wa kilo sabini, kwa mkono wa mwanamke mwenye ngiri. "Hii sikufundishwa. Niliipata mwezi wa tisa, nimeshaumia."

Kwa siku ile nzima mikono ya Koma ilikaa juu ya mikono ya dada yake. Saa nne, saa sita, saa nane. Alikosea mara ya kwanza, akavuta mapema, Baba akasema "taratibu", na Koma akaruka nyuma kama aliyeshika pasi ya moto.

"Usikimbie," Dada alimwambia. "Ukikimbia ndio unamwangusha. Kosa, halafu baki hapo hapo."

Jumapili wakabadilishana: mikono yake chini, ya dada yake juu. Walikuwa vichwa karibu karibu, kama walipokuwa wadogo wakichungulia kisima.

"Unanuka wino," Dada alisema.

"Na wewe unanuka mafuta ya mgongo."

"Haya, sikiliza pumzi, acha mdomo."

Alisikiliza. Ikaingia, ikasita, ikatoka ndefu, na katika mwisho wake akahisi kitu ambacho angekaa maisha yake yote asikipatie kadi: uzito wa baba yake ukija mikononi mwake wenyewe, bila kulazimishwa, kama mtu anayekubali kukaa kwenye kiti. Akageuza. Akapitisha kiganja mgongoni, kwenye nyonga, kwenye visigino. Mgongo ulikuwa na joto. Alipoinua uso kumwambia dada yake kwamba pako salama, hakumkuta pale. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, hatua nne mbali, mikono mapajani.

"Umetoa mkono saa ngapi?"

"Kabla hujamgeuza," Dada alisema. Akatazama mikono yake kama vyombo vya jirani. "Hukusikia."

Jumatatu asubuhi aliondoka na begi dogo. Alirudi kutoka getini mara mbili: mara ya kwanza kusema mafuta yako wapi, mara ya pili kusema tena mafuta yako wapi. Alimshika Baba kidole. "Mdogo wangu yupo," alimwambia. Baba alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Ndiyo," alisema.

Saa nne Koma alimgeuza uso ukutani. Saa sita, uso dirishani. Saa nane, chali, na mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Saa tisa na nusu simu ikaita, simu mpya ya bei poa aliyonunua baada ya ile iliyochomolewa sokoni, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, imelewa dawa.

"Dada? Wamemaliza? Unajisikiaje?"

"Umemgeuza?"

"Nimemgeuza."

"Upande gani?"

"Sasa hivi yuko chali. Saa kumi ataelekea ukutani."

"Visigino?"

"Vinaelea."

Koma alisikia toroli likipita kule hospitalini, na mtu akicheka mbali.

"Basi," Dada alisema, "ngoja nilale."

Hakukata simu. Labda aliisahau, labda ilimponyoka. Koma akabaki nayo sikioni, amekaa kwenye kigoda chini ya tao. Alisikiliza kama alivyofundishwa. Pumzi ya dada yake ikaingia, ikasita kidogo, kama inayouliza kitu. Kisha ikatoka, ndefu, ndefu mno, mpaka akadhani haitakwisha. Kitandani Baba naye alikuwa anasikiliza, jicho kwenye simu. Saa ya mezani ilipolia saa kumi kamili, Koma aliiweka simu juu ya mto, ingali inapumua, akakunja goti la baba yake, akashika shuka, akangoja.